Msanii na Mazingira Yake: George Lilanga na Edward Saidi Tingatinga

Ndugu mtahiniwa, swali la dhana ya sanaa linaonekana jepesi, na kwa sababu hiyo linawapotezea wengi alama. Mwanafunzi amekariri kwamba sanaa ni ufundi wa kuwasilisha fikra za binadamu kwa njia inayovutia. Anataja aina zake vizuri: fasihi, uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, ususi, utarizi, muziki, maonesho. Kisha anaambiwa athibitishe kwa mifano, naye anaandika: "Kwa mfano, mchoraji anaweza kuchora mti." Mchoraji gani? Mti gani? Kwa nini mti na siyo meli? Msahihishaji anatafuta pa kuweka alama hapaoni.

Katika sura hii tutashughulika na swali moja tu, lakini kwa undani.

SWALI: "Msanii ni zao la mazingira yake." Jadili kauli hii kwa kutumia wasanii wawili wa Tanzania.

Kabla hujaandika chochote, piga mstari chini ya maneno mawili. La kwanza ni "mazingira". Wengi wakiliona wanawaza miti na mito pekee. Mazingira ni ya asili, yaani ardhi, mimea, wanyama na maji. Na ni ya kijamii pia, yaani mila, imani, kazi, siasa na soko. Jibu linalogusa upande mmja tu ni nusu ya jibu. Neno la pili ni "jadili". Ukiambiwa "thibitisha" unakubali kauli na kuitolea ushahidi. Ukiambiwa "jadili" unatakiwa pia useme kauli inapofika mwisho wa ukweli wake. Hapo ndipo watahiniwa wazuri wanapoachana na wenzao.

Wasanii wetu wawili wanatoka huku kusini. Nafundisha Tandahimba, na nimewachagua kwa makusudi, kwa sababu mwanafunzi wa hapa huamini kwamba mfano wa maana lazima utoke mbali.

Nchi yenyewe kwanza

Ukiwa Newala, ukisimama ukingoni na kutazama kusini, unaliona bonde la mto Ruvuma chini kabisa, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Huku juu ni uwanda wa Makonde. Udongo wake unanyonya mvua haraka, maji yanazama chini, na juu havibaki vijito. Kwa miaka mingi akina mama walishuka mabondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani. Zamani uwanda ulifunikwa na vichaka vizito. Leo sehemu kubwa ni mikorosho. Mtu anaweza kujiuliza watu walifuata nini mahali pasipo maji.

Wamakonde walikuwa na jibu, na jibu hilo ni hadithi ya uchongaji. Mwaka 1906 msafiri na mtafiti Mjerumani, Karl Weule, aliisikia na kuiandika. Inasema kwamba chimbuko la kabila ni Mahuta, ambayo leo imo wilayani kwetu. Hapo palikuwa na pori tupu. Akatoka porini mtu asiyeoga wala kunyoa, mlaji na mnywaji wa kidogo sana. Akachonga sanamu ya mtu kwa mti, akaisimamisha kwenye makazi yake. Usiku sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wawili hao wakashuka Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakavuka kwenda bonde la Mbwemkuru; mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Wakarudi juu porini Mahuta, na mtoto wa tatu akaishi.

Tazama hadithi hiyo ilivyobeba mambo mawili kwa pamoja. Mazingira ya asili yamo: bonde linaua, uwanda unaokoa. (Mabondeni kuna mbu na malaria, kwa hiyo wazee hawakuwa wanatunga ovyo.) Sanaa nayo imo, tena iko mwanzoni kabisa: mama wa kabila alichongwa kabla hajazaa. Huu ni utajiri kwa mtahiniwa, kwa maana unatumika katika swali la fasihi simulizi, la visasili, na la uhusiano wa fasihi na sanaa nyingine.

George Lilanga

George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika familia ya Wamakonde wa eneo la Masasi. Alijifunza kuchonga akiwa kijana, akianza na vitu laini kama mizizi ya mihogo kabla ya kupewa mti mgumu. Usipite haraka hapo. Muhogo hausamehe mkono mzito: ukikata vibaya umevunjika. Lakini ni wa bure, uko shambani, na ukiharibika hupati hasara. Shule yake ya kwanza ya sanaa ilikuwa zao la chakula.

Baadaye akaingia kwenye mpingo, mti ambao kiini chake ni cheusi na kigumu, na ganda lake la ndani ni jeupe-njano. Mchongaji stadi hutumia rangi zote mbili katika kazi moja. Mpingo hukua polepole mno. Hupita miongo mingi kabla mti haujafaa kukatwa, na mti huo huo hutafutwa Ulaya kwa kutengenezea ala za muziki kama klarineti. Mti wenyewe mara nyingi umepinda, una matundu na mafundo. Kwa hiyo mchongaji hawezi kuuamrisha kila kitu. Wachongaji wa mtindo uitwao "shetani", ambao Samaki Likankoa hutajwa kuwa mwanzilishi wake jijini Dar es Salaam, walifuata umbo la gogo: tawi likipinda, kiumbe hupinda mkono, palipo na tundu, panakuwa jicho au mdomo.

Neno "shetani" hapa lisikuponze. Katika sanaa hii halina maana ile ya msikitini au kanisani peke yake. Ni viumbe wa porini wa masimulizi ya Kimakonde: wengine wabaya, wengine wachekeshaji, wengine wakaidi tu kama watoto. Mwanafunzi akiandika kwamba Lilanga "aliabudu mashetani" amekosea, tena amemkosea heshima mtu mzima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Lilanga alihamia Dar es Salaam. Mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, alimsaidia kupata kazi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa na mtawa Mmarekani, Sista Jean Pruitt. Kazi gani? Ulinzi. Alikuwa mlinzi, na akiwa lindoni alichonga. Viongozi wa kituo walipoziona kazi zake wakamtoa getini wakamweka pamoja na wasanii. Hapo akajifunza batiki, uchapaji wa picha, na uchoraji wa rangi za mafuta zinazong'aa. Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington, Marekani.

Sasa tuzitazame picha zake kama tunavyolitazama shairi, kwa fani na maudhui.

Fani: viumbe wenye masikio makubwa, matumbo ya duara, midomo mipana, vidole vichache. Wamebanana, hakuna nafasi tupu. Mkono wa huyu unaishia kwenye bega la yule. Rangi ni kali na kila umbo limezungushiwa mstari. Anayezijua sanamu za mpingo ataona mara moja kwamba mchoraji huyu alikuwa mchongaji kwanza: viumbe wake wamekaa kama waliotolewa kwenye gogo moja, wakalazwa juu ya turubai.

Maudhui: hapa wengi hushangaa. Viumbe hao wa porini wanafanya mambo ya uswahilini. Wanacheza ngoma, wanagombana, wanakwenda hospitali, wanabeba mizigo, wanasengenyana. Mara nyingi aliipa picha jina refu la Kiswahili linaloeleza kisa chenyewe, na majina mengi yana utani ndani yake. Kwa maoni yangu hicho ndicho kinachomtofautisha na wengi wa rika lake. Pori alilolisikia utotoni halikubaki pori. Alilihamishia mjini, likapanga chumba.

Miaka yake ya mwisho kisukari kilimsumbua hadi akakatwa miguu. Aliendelea kufanya kazi, akisaidiwa na wasanii vijana aliowafundisha, mpaka alipofariki Dar es Salaam mwezi Juni mwaka 2005.

Edward Saidi Tingatinga

Huyu nitampitia kwa kifupi kwa sababu vitabu vingine vimemweleza sana. Alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, magharibi mwa Masasi, nchi ya miombo na wanyamapori. Miaka ya 1950 alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha Dar es Salaam, ambako alifanya kazi za nyumbani na bustani kwa Wazungu. Karibu mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia vipande vya mbao ngumu za kiwandani zilizotumika kwenye ujenzi, na rangi zile za kupakia baiskeli. Picha zake za awali mara nyingi zina mnyama mmoja, chui au ndege au tembo, amejaa ubao mzima, nyuma yake rangi moja tu. Aliziuza Oysterbay, karibu na Morogoro Stores. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu anayekimbia, akafa. Alikuwa amechora kwa takribani miaka minne. Ndugu na wanafunzi wake, kama Omari Amonde na Ajaba Abdallah Mtalia, wakaendeleza mtindo huo, na mwaka 1990 wasanii wa mtindo huo wakaunda ushirika wao. Leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Upande wa pili wa mjadala

Mpaka hapa tumekubaliana na kauli. Sasa uliza: je, Tingatinga alichora tembo kwa sababu alikulia Tunduru, au kwa sababu wanunuzi wa Oysterbay walikuwa wageni waliotaka tembo? Je, mpingo ulikuwa mti wa asili wa uchongaji wa Kimakonde? Vinyago vya ngoma, vile vinavyovaliwa kichwani jandoni, vilichongwa kwa mti mwepesi, maana mchezaji hawezi kuruka na gogo la mpingo kichwani. Mpingo ulitawala zaidi pale wanunuzi wa mjini walipoupenda.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kusema darasani kwamba basi hawa ni wafanyabiashara, siyo wasanii. Nilipenda ujasiri wake, lakini hoja haisimami. Soko nalo ni mazingira ya kijamii, kama tulivyosema mwanzo. Mgeni alitaka mnyama. Hakumfundisha Tingatinga namna ya kumjaza chui kwenye ubao wa mraba kwa rangi ya baiskeli. Hata hivyo kauli ina mpaka wake. Maelfu ya vijana walikulia Masasi na Tunduru katika mazingira yale yale, wakapita jandoni kama wengine, wakachimba mihogo kama wengine. Lilanga ni mmoja. Mazingira yanaeleza malighafi na picha zilizomjaa kichwani; kipaji na bidii yake lazima uvieleze peke yake. Ukiandika aya moja ya namna hii, jibu lako limejadili kweli.

Mfano wa aya ya hoja

"Mazingira ya asili humpa msanii vifaa na umbo la kazi yake. Kwa mfano, wachongaji wa Kimakonde wa mtindo wa shetani hufuata mapindo na matundu ya gogo la mpingo wanapounda viumbe wao. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 katika eneo la Masasi, alianza na mizizi ya mihogo, kisha mpingo, na hata alipohamia kwenye rangi alichora viumbe waliobanana na kushikana kama waliochongwa katika gogo moja. Hivyo mti wa kusini uliendelea kuonekana katika picha zake hata alipokuwa Dar es Salaam."

Hesabu mwenyewe: kuna hoja, mfano wenye jina, maelezo, na sentensi inayorudisha mfano kwenye swali. Nne tu. Andika aya tano za namna hiyo, tatu zikikubali, moja ikionesha mpaka wa kauli, moja ya hitimisho fupi. Muda ukikubana, punguza utangulizi, usipunguze mifano.

Tahadhari mbili ndogo. Usiandike "Tinga Tinga" kana kwamba ni mashine ya kulima barabara. Ni jina la mtu. Na usiseme Lilanga alikuwa "mchoraji wa vinyago": kinyago huchongwa, picha huchorwa. Kosa hilo la kitenzi linaonekana dogo, lakini katika somo la Kiswahili linakatwa alama.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya fani na maudhui kwa kutumia picha yoyote ya Lilanga au ya mtindo wa Tingatinga uliyowahi kuiona, hata kwenye kanga, kalenda au ukuta wa hoteli.

2. Hadithi ya chimbuko la Mahuta ni kisasili. Taja sifa tatu za kisasili zinazojitokeza ndani yake, kila moja kwa ushahidi.

3. "Msanii anayechora kwa ajili ya watalii ameisaliti jamii yake." Jadili.

4. Mtafute mzee au fundi kijijini kwenu anayechonga, kusuka, kufinyanga au kutarizi. Muulize anatumia mti, udongo au ukindu gani, anaupata wapi, na siku hizi anaupata kwa shida gani. Andika wasifu wake kwa maneno yasiyozidi 250.