Uvumi Si Ushahidi

Wapendwa wanandoa, mmoja wenu anaambiwa na jirani kwamba mwenzake ameonekana na mwingine. Usiku huo nyumbani hakulaliki, na kabla ya wiki kwisha anatafuta wakili. Je, mahakama itasema nini?

Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataja sababu za kuvunja ndoa ya Kikristo mahakamani, zikiwemo uzinzi, ukatili, na kumtelekeza mwenzi kwa muda usiopungua miaka 3. Lakini kutaja sababu si kuithibitisha. Sheria ya Ushahidi inataka shahidi aseme aliyoyaona au kuyasikia yeye mwenyewe. Jirani aliyeona ndiye wa kusimama kizimbani. Wewe uliyeambiwa huwezi kuona kwa niaba yake. Hata ujumbe uliochapishwa kutoka kwenye simu huhitaji hati inayoeleza jinsi ulivyotolewa.

Anayepigwa asinyamaze. Aende hospitali, apige ripoti polisi na ajaziwe fomu ya P3. Majeraha yake si uvumi, na uhai wake wahitaji kulindwa.

Lakini ikiwa ulicho nacho ni maneno ya watu, jiulize lile ambalo hakimu angekuuliza: “Wewe mwenyewe umeona nini?” Ikiwa jibu ni “Nimeambiwa tu,” keti na mwenzako, mwulize kwa upole, umsikilize hadi mwisho. Mkishindwa, mwendeeni padre pamoja. Mahakama haimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Je, wewe uliyemwahidi upendo mbele ya altare?