Fundi, Jihadhari na Vigae vya Sakafu vya Zamani

Katika ofisi, shule na nyumba zilizojengwa miongo mingi iliyopita, vigae laini vya sakafu na gundi nyeusi iliyo chini yake huenda vikawa na asbestosi, madini yale yale yaliyotumika kwenye mapaa ya zamani. Huwezi kuyatambua kwa macho; ni maabara inayothibitisha.

Kigae kizima hakina hatari kubwa, kwa kuwa nyuzi zake zimeshikamana ndani. Hatari huanza kinapovunjwa, kinapotobolewa au kinapopigwa msasa. Nyuzi ndogo mno huelea hewani, huingia mapafuni na kubaki humo. Siku hiyo hutahisi chochote. Saratani ya mapafu au makovu ya mapafu yanaweza kujitokeza miaka 10 hadi 40 baadaye. Vumbi lililo kwenye nguo za kazi huwafikia watoto nyumbani pia.

Zingatia haya:

• Ukiwa na shaka, chukulia kwamba asbestosi imo.
• Kigae kikiwa kizima, kiache. Sakafu mpya inaweza kuwekwa juu yake.
• Usifagie vumbi kavu. Lipangushe kwa kitambaa chenye maji.
• Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizi.
• Usichome vipande wala kuvitupa jaani. Kanuni za taka zinaihesabu asbestosi kuwa taka hatari, na huisafirisha mwenye leseni ya NEMA pekee.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga. Viulizie kabla hujashika nyundo.