Vipele na Madoa Baada ya Chanjo au Ugonjwa: Yapi ya Kungoja, Yapi ya Kukimbiza Hospitalini

Mtoto alidungwa chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9. Siku ya tisa baadaye mwili unapata joto na vipele vinatokea kifuani. Mama anajiuliza kama kliniki imempa mwanawe ugonjwa, na jirani ameshamshauri asimrudishe kwa dozi ya pili ya miezi 18. Wahudumu wa afya mashinani hulipata swali hili mara kwa mara, na mama huyo anastahili jibu kamili kuliko kuambiwa tu asiwe na wasiwasi.

Chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mwili unapojifunza kupambana navyo, watoto wachache hupata homa na vipele hafifu kati ya siku ya 7 na ya 12. Vipele hivyo haviambukizi, huisha vyenyewe kwa siku chache, na si sababu ya kukosa dozi ya pili. Surua yenyewe huja na homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu, kisha vipele huanzia usoni na nyuma ya masikio vikishuka mwilini. Huyo apelekwe kituoni siku hiyo hiyo.

Wakati wa korona tuliona mengine. Mwaka 2020, madaktari wa Uhispania, Italia na Ufaransa walipokea vijana wengi wenye vidole vya miguu vilivyovimba na kugeuka zambarau, kana kwamba vimechomwa na baridi. Wengi hawakuugua sana na vidole vilipona baada ya wiki kadhaa. Ajabu ni kwamba wengi wao walipopimwa hawakukutwa na virusi, na wataalamu bado wanabishana kuhusu chanzo. Baadaye, baadhi ya waliopata chanjo ya Moderna waliona mkono ukivimba na kuwasha kama wiki moja baada ya sindano. Nayo ilipita.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi. Watafiti waliopitia picha za ngozi za wagonjwa wa korona zilizochapishwa mwaka huo hawakupata hata moja ya mtu mwenye ngozi nyeusi sana. Kwenye ngozi zetu wekundu huonekana kama kahawia, zambarau au kijivu, au usionekane kabisa. Ukilinganisha mguu wa mtoto na picha za kwenye simu, utapotea. Tazama viganja, nyayo, ndani ya kope la chini na kinywani.

Alama zisizongoja ni zile za damu iliyovuja chini ya ngozi. Bonyeza doa kwa upande wa bilauri ya kioo kinachoona. Likififia, mara nyingi si damu. Likibaki vilevile, hasa yakiwa madoa madogo mengi kama yaliyochomwa kwa sindano, au kukiwa na michubuko isiyo na sababu au ufizi unaotoka damu, nenda hospitali mara moja. Huenda chembe za kugandisha damu zimepungua. Baada ya chanjo ya surua hilo hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 30,000, na kwa kawaida hupona. Mtoto mwenye homa na madoa yasiyofifia asingojeshwe hata kwa saa moja, kwa maana uti wa mgongo huanza hivyo pia.

Chanjo ya AstraZeneca, iliyofika Kenya Machi 2021, ilihusishwa na damu kuganda mishipani huku chembe hizo zikipungua. Nchini Uingereza ilikadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 50,000 wa chini ya miaka 50. Dalili zilikuja siku au wiki chache baada ya sindano: kichwa kuuma sana bila kutulia, kuona ukungu, kifua kubana, mguu mmoja kuvimba. Tatizo hilo liligunduliwa kwa sababu wagonjwa na madaktari waliripoti.

Nawe ukiona lolote baada ya chanjo, rudi kituo ulichodungwa ukiwa na kijitabu cha kliniki na tarehe alama zilipoanza. Mhudumu ataripoti kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Doa likififia haraka, lipige picha mchana, kwenye mwanga wa jua.