SOMO: HUJACHELEWA, KIJANA!

Kijana mpendwa, unakaa kijiweni hapa Kanyenye unasema, "Umri umekwenda, shule basi tena." Nani kakwambia? Sikiliza!

Suleiman Nyambui, Mtanzania wa Majita, alizaliwa 1953. Mwaka 1979, akiwa na miaka 26, umri ambao wengi wameshamaliza chuo, yeye bado ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, Marekani. Kwenye mashindano ya vyuo akakimbia mita 10,000, yaani mizunguko 25 ya uwanja. Akashinda! Akarudia 1980, 1981 na 1982.

JIFUNZE:
1. Alichelewa, lakini alianza.
2. Medali haitolewi mzunguko wa kwanza. Inatolewa wa 25.

Je, wewe umeishia mzunguko wa ngapi? Inuka leo, umalizie!