Mchezo wa Kauri: Namna ya Kutunga Mchezo wa Darasani Kuhusu Mtoto Aliyekinzana na Sheria

Mchezo ni zana ya kufundishia kama zilivyo ramani na picha, na kama zana nyingine yoyote hauna budi kuwa na shabaha. Katika makala hii tunakusudia kueleza namna mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kutunga mchezo kuhusu mtoto aliyekinzana na sheria, yaani mtoto anayetuhumiwa, aliyeshikwa, au aliyefikishwa mahakamani. Mifano yetu imetoka mwambao wa Bagamoyo, lakini mwalimu wa mahali pengine ataweza kubadili bahari iwe ziwa, au soko la samaki liwe mnada wa ng'ombe, bila kuharibu mchezo wenyewe.

Yafaa kwanza tuijue sheria, kwa maana mwalimu asiyeijua atatunga mchezo wa kutisha tu. Kanuni ya Adhabu, ambayo ni Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, inasema kwamba mtoto aliye chini ya miaka 10 hana jinai kwa tendo lolote. Aliye chini ya miaka 12 naye hana jinai, isipokuwa ithibitishwe kwamba alipotenda alikuwa na uwezo wa kutambua kuwa hapaswi kutenda hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo iliiondoa sheria ya kikoloni ya mwaka 1937, inamhesabu kuwa mtoto kila mtu aliye chini ya miaka 18. Kesi ya mtoto, ila ya mauaji, husikilizwa katika mahakama ya watoto: faragha, mbele ya afisa ustawi wa jamii, na mzazi au mlezi akiwapo. Mtoto hafungwi gerezani. Akionekana na hatia, mahakama yaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, kuamuru mzazi alipe fidia, au, pale ambapo mengine hayatoshi, kumpeleka shule ya maadilisho. Hayo yanatosha kwa mwalimu kuanzia.

Sasa tuje kwenye utungaji. Mwalimu mgeni katika kazi hii hukimbilia mchezo wa nyoka na ngazi, kwa sababu kila duka huuza ubao wake na kila mtoto anaujua. Mchezo huo ulianzia Uhindi, nao ulikuwa mchezo wa maadili hasa: ngazi zilikuwa fadhila, nyoka zilikuwa maovu, na mchezaji alipanda au kuporomoka kadiri ya matendo yaliyoandikwa katika vyumba. Mwalimu huandika "Ameiba" kwenye kichwa cha nyoka na "Gerezani" kwenye mkia wake, akadhani amemaliza. Sisi hatuupendekezi kabisa mpango huo. Wala si kwa sababu tu kwamba gereza si mahali pa mtoto kisheria. Kasoro kubwa ni kwamba katika nyoka na ngazi hakuna anayeamua neno. Dadu huamua kila kitu. Mwanafunzi atatoka darasani akiamini kwamba yanayompata mtoto mikononi mwa sheria ni bahati mbaya, kama mvua ya masika, hali sehemu kubwa ya mambo hayo ni maamuzi ya watu wazima wenye majina na vyeo.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtungaji liwe hili: lipi nilipe bahati, na lipi nimpe mchezaji aamue? Jibu letu ni kwamba bahati ipewe yale tu ambayo kweli hayamo mkononi mwa mtu yeyote aliyepo siku ile, na yaliyobaki yote yaamuliwe na wachezaji kwa kusema na kutoa sababu.

Tuchukue kisa kimoja. Asubuhi, ufukweni penye soko la samaki, mvuvi anakuta dumu la petroli ya mashine ya boti yake halipo. Watu wanamshika mtoto aliyeonekana karibu. Mtoto huyo asipewe jina. Tumejaribu kutafuta jina la mwambao ambalo halimo katika daftari la mahudhurio la shule yoyote, tukashindwa. Kila Juma na kila Mwanaidi yumo darasani. Basi aitwe Mtoto wa Kadi, na akae juu ya ubao kama kete. Hakuna mwanafunzi atakayekuwa yeye. Sharti hili tunalitilia mkazo kuliko jingine lolote. Mwanafunzi aliyechezeshwa "mwizi" Jumatatu ataitwa hivyo mpaka amalize shule, na huenda katika darasa lile lile yumo ambaye ndugu yake ameshikwa wiki iliyopita.

Wanafunzi wachukue nafasi za watu wazima: polisi wa zamu, mzazi, afisa ustawi wa jamii, hakimu, mvuvi aliyepotelewa, na mwalimu. Ni sita kwa ubao mmoja. Darasa la wanafunzi 60 litahitaji mbao kumi, ambazo zaweza kuchorwa kwa mkaa juu ya maboksi au kwa kijiti mchangani. Njia ianze ufukweni, ipite serikali ya mtaa na kituo cha polisi, kisha ofisi ya ustawi wa jamii, halafu mahakama. Kutoka kituoni na kutoka mahakamani ziwepo njia mbili: moja irudi nyumbani, na nyingine iende mbali. Hapo mwalimu achore kwa vipimo. Mahabusu ya watoto iliyo karibu na Bagamoyo iko Upanga, Dar es Salaam, mwendo wa kiasi cha kilometa 70. Shule ya maadilisho ya Irambo iko Mbeya, zaidi ya kilometa 800. Ikiwa sentimeta moja ni kilometa 10, Upanga itakuwa sentimeta saba kutoka kituoni, na Irambo itatoka nje ya boksi, ivuke sakafu, ifike karibu na dawati la pili. Acha ivuke. Mwanafunzi anayecheza mzazi aulizwe nauli ya kwenda kumwona mtoto wake huko.

Mahakama ya Watoto ya Kisutu, Dar es Salaam, ndiyo inayojulikana zaidi, na wanafunzi wa Bagamoyo wataidhania kuwa iko katika kata yao ya Kisutu. Mwalimu asahihishe. Tena aeleze kwamba sheria inampa Jaji Mkuu uwezo wa kuteua jengo la mahakama ya mwanzo kuwa mahakama ya watoto, kwa hiyo shauri si lazima lisafirishwe kwenda mjini.

Badala ya dadu tumetumia kauri nne, ambazo hupatikana bure pwani. Hurushwa pamoja, na zinazolala mdomo juu huhesabiwa, kutoka sifuri hadi nne. Hapa mwalimu wa hisabati atapata faida yake. Kama kila kauri ingeangukia upande wowote kwa usawa, katika namna 16 za kuanguka ziko sita za kupata mbili, lakini ni moja tu ya kupata nne na moja ya kupata sifuri. Kauri haina usawa kamili kama sarafu, basi wanafunzi warushe mara mia kwanza na kuandika matokeo, ili yale ya kawaida yawekwe kwenye hesabu zinazotoka mara nyingi na ya nadra kwenye zile za nadra. Kauri zijibu maswali ya namna hii: Mzazi yuko wapi leo? Yuko nyumbani, yuko shamba, simu yake imezimika, au amekwenda dago na hatarudi mpaka bamvua ipite? Cheti cha kuzaliwa kipo, kimepotea, au hakikutafutwa kamwe? Kauri zisiulizwe kamwe kama mtoto ana hatia.

Ushindi nao upimwe kwa nini? Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataka mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zimeshindikana, na kwa muda mfupi kabisa unaofaa. Kipimo chetu kimetoka hapo. Liwepo bakuli, na kila siku ambayo Mtoto wa Kadi analala chini ya ulinzi litiwe kokoto moja. Tuseme kauri zimeonyesha kwamba baba amekwenda dago kwa siku 14. Polisi akisema, "Tutamsubiri mzazi," kundi litatia makokoto 14. Lakini sheria inakubali dhamana ya mlezi au ndugu pia, polisi akiuliza, "Je, hapa mtaani ana shangazi?" kokoto litakuwa moja, au lisiwepo. Bahati ni ile ile, na tofauti imeletwa na swali moja. Wanafunzi wahesabu makokoto ya kila kundi na kutafuta ni wapi yalipoanza kuachana.

Sehemu yenye mafunzo mengi kwa mwalimu mwenyewe ni ile ya umri. Mtoto wa Kadi ana miaka 13, lakini ni mrefu, na kazi ya kukokota nyavu imempanua mabega. Polisi anamwandika kuwa na miaka 18. Kwa tarakimu hiyo moja ulinzi wote tuliouelezea hapo juu unaondoka: atawekwa na watu wazima na kushitakiwa kama mtu mzima. Mahakama inapaswa kuuchunguza umri wa anayeonekana kuwa mtoto, na cheti cha kuzaliwa ndicho ushahidi mwepesi. Lakini kauri zimesema hakipo. Ndipo mwanafunzi anayecheza mwalimu anapopata kazi. Mkononi ana kadi iliyoandikwa "Daftari la uandikishaji". Ndani yake mna mwaka aliozaliwa mtoto, kama ulivyotajwa na mama siku ya kwanza ya darasa la kwanza, kabla hapajakuwa na kesi wala sababu ya kudanganya. Akiitoa kadi hiyo, kete hurudi njia ya watoto. Mchezaji asiambiwe mapema kazi ya kadi hii. Mara nyingi ataishika mpaka mwisho akidhani haina thamani, na hapo ndipo mjadala utakapokuwa mkali. Nanyi mnaosoma makala hii mtaandikisha darasa la kwanza baada ya miaka michache. Tarehe mtakazoziandika kwa haraka kwa kuwa foleni ni ndefu huweza kutakiwa siku moja namna hii.

Mvuvi asisahauliwe. Michezo mingi ya aina hii humfanya mwenye mali kuwa adui, jambo ambalo si haki wala si kweli. Amekosa safari ya siku nzima, na mabaharia wake hawakupata mgawo. Apewe zamu ya kusema mbele ya hakimu, na kundi liamue kama fidia yaweza kulipwa kidogo kidogo. Kundi lenye makokoto machache lakini lililompuuza mvuvi lirudie hatua ya mwisho.

Mchezo wote wahitaji vipindi viwili vinavyofuatana, dakika 80. Kipindi cha tatu, siku nyingine, kitumike kwa marudio kwa namna iliyoenezwa na Augusto Boal wa Brazil tangu miaka ya 1970: kundi moja huigiza hatua iliyoleta makokoto mengi, na mtazamaji yeyote huruhusiwa kusema "Simameni," achukue nafasi ya mtu mzima mmojawapo, na kujaribu neno jingine. Hata hapo Mtoto wa Kadi abaki kadi juu ya kiti.

Akitokea mwanafunzi anayeanza kusimulia kisa cha nyumbani kwao, mwalimu asimwache aendelee mbele ya wenzake, wala asimkatize kwa ukali. Amwambie kwamba watazungumza baada ya kipindi, na kweli wazungumze. Na ikiwa mtoto huyo ana ndugu aliye kituoni, mwalimu amfuate afisa ustawi wa jamii siku ile ile, akiwa na daftari mkononi.