Mafunzo Niliyopata Kwenye Nyanya za Ilula

Nimelima nyanya misimu mitatu Ilula, wilaya ya Kilolo, kando ya barabara kuu ya Iringa kwenda Morogoro. Mtaji ulikuwa akiba yangu na mkopo wa VICOBA.

1. Kabla ya bei, tazama tenga. Asubuhi ya mavuno yangu ya kwanza dalali alinitajia bei nzuri, nikafurahi. Kisha vijana wake wakashusha matenga matupu kwenye fuso: ya mbao, yamezidi ya jirani yangu kimo kwa kiganja kizima. Tukajaza hadi ukingoni. "Mama, bado hilo, weka kilemba." Nyanya zikapanda juu ya mbao mpaka zikatuna, ndipo yakatandikwa majani na kamba ikakazwa. Matenga 40 niliyokuwa nimepigia hesabu yakatoka 31. Bei haikupungua hata shilingi, ila matenga tisa ya jasho langu yaliondoka bure. Dada yangu aliyeolewa Uyole, Mbeya, ana kilio hicho hicho kwenye viazi. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini lumbesa anayofungishwa hushonewa kichwa juu, wapakizi wanaibeba wakiguna. Huo ni wizi, na kinachoniuma zaidi ni kwamba tumeuzoea.

2. Bei ya Ilula inapangwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka shambani. Magari ya Morogoro na ya kaskazini yakiwahi kuingia sokoni, nyanya zako zinashuka bei zikiwa bado zinateremka mlima Kitonga njiani. Siku hizi sichumi hata moja kabla sijawapigia simu watu watatu wa sokoni.

3. Kantangaze hasubiri. Mdudu huyu aliingia nchini mwaka 2014, na funza wake hula ndani ya jani, dawa ikabaki juu juu. Msimu wa pili nilipulizia dawa ile ile kila wiki, akaizoea. Kagua jani kungali mapema, ubadilishe aina ya dawa.

4. Nyanya zikikosa soko, hakuna anayepona. Mama ntilie hapunguziwi deni, bodaboda zinalala kijiweni, fundi cherehani anakaa na sare za shule ambazo hazijalipiwa. Msimu wa tatu nilidaiwa duka la pembejeo, na mwenye duka naye alikuwa akidaiwa mjini. Tulikuwa tukisalimiana, "Kamwene," kila mmoja akikwepa macho ya mwenzake.

5. Usiguse kinyungu, bustani ya bondeni. Nilitaka kung'oa mahindi na maharage ya mama pale kinyunguni nipanue nyanya. Alikataa, nikanuna wiki nzima. Mwezi Oktoba, deni likiwa limenikaba, aliingia jikoni na kikapu cha mahindi mabichi, akachochea moto na kuanza kuyamenya bila kusema neno.