SOMO LA KIINGEREZA: NENO MOJA KWETU, MAWILI KWAO



Wengi wenu mnajifunza Kiingereza, na baadhi yenu mnaitwa kwenye mahojiano na kujaribu kujieleza kwa lugha hiyo. Neno usilolijua halina hatari kubwa, kwa sababu utauliza. Hatari iko kwenye neno unalodhani unalijua. Mara nyingi Kiswahili kina neno moja mahali ambapo Kiingereza kina mawili au matatu. Ukichagua lisilofaa, karani ataandika alichosikia, siyo ulichokusudia. Leo tutazame maneno manne.

1. NDUGU
Kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu, na hakuna anayeuliza zaidi. Kwa Kiingereza, "brother" ni ndugu wa kiume mliyezaliwa naye baba mmoja na mama mmoja. Wa kike ni "sister". Mkichangia mzazi mmoja tu, sema "half-brother" au "half-sister". Mtoto wa baba mdogo, shangazi, mjomba au mama mdogo, awe wa kiume au wa kike, ni "cousin", hutamkwa "kazin". Baba mdogo mwenyewe ni "uncle", wala si "father".

Ukimwita mtu "brother" leo, na mwakani ukamwita "cousin", faili litaonyesha kwamba maneno yako hayalingani, ingawa hukudanganya. Kama unamlea mtoto wa marehemu dada yako, sema "my sister's child", kisha eleza kwamba unamlea wewe.

2. KUPOTEA
Ukisema "I lost my son", msikilizaji aghalabu ataelewa kwamba mtoto amefariki. Kama mlipotezana njiani, sema "We were separated", yaani tulitengana, na "My son is missing", yaani hajulikani alipo. Kama amefariki kweli, sema wazi: "My son died."

Angalia sana hapa. Msalaba Mwekundu husaidia kutafuta jamaa waliotenganishwa na vita. Lakini nani atamtafuta mtoto aliyeandikwa kuwa amekufa?

3. KUKIMBIA
"Run" ni kukimbia kwa miguu. "Run away" mara nyingi husemwa juu ya mtoto aliyetoroka nyumbani, au mtu anayekwepa wajibu. "Escape" ni kuponyoka mahali uliposhikwa, kama vile gerezani. Aliyekimbia vita au mateso hutumia "flee", hutamkwa "flii". Kwa wakati uliopita ni "fled". Mfano: "We fled from the war."

Kutoka hapo tunapata jina. "Migrant" ni mhamaji, pengine wa kutafuta kazi. "Asylum-seeker" ni aliyeomba hifadhi na bado anangoja jibu. "Refugee" ni mkimbizi. Mkataba wa mwaka 1951 unamtaja kuwa ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya kabila au rangi, dini, utaifa, kundi lake katika jamii au msimamo wake wa siasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 uliongeza wanaokimbia vita na machafuko makubwa.

4. KUKAA
"Sit" ni kukaa kitini. "Live" ni kuishi mahali palipo makao yako. "Stay" ni kukaa kwa muda tu. Ukisema "I lived in Kigoma" nawe ulipita hapo siku tatu, utaulizwa maswali mengi. Sema: "I stayed in Kigoma for three days."

ZOEZI
Tafsiri kwa Kiingereza:
(a) Ndugu yangu, mtoto wa mjomba, alikaa Uvira miaka 5.
(b) Tulikimbia vita. Binti yangu amepotea, hajulikani alipo.

MAJIBU
(a) My cousin lived in Uvira for five years.
(b) We fled from the war. My daughter is missing.

NENO LA MWISHO
Kiingereza chako kikiwa bado kichanga, usijilazimishe siku ya mahojiano. Omba mkalimani, ueleze kwa lugha unayoimudu. Kabla ya kutia sahihi, omba usomewe yaliyoandikwa, na penye kosa sema hapo hapo lisahihishwe. Kuuliza si ujinga. Ukimaliza somo hili, mpe na jirani asome.